Goti la Watu Kumi na Wawili

4 Februari

Mama yangu,

Barua hii anakuletea dereva wa lori la vigae, na nimemsihi akupe mkononi, asiiache kwa mlinzi wa getini. Simu sikupiga kwa makusudi. Ya kwenu iko mezani kwa mlinzi, ya kwetu iko mezani kwa mkuu. Ukimaliza kuisoma, ichome. Sifanyi mzaha.

Hii ni wiki yangu ya tatu katika ofisi ya utafiti wa afya. Chumba chetu kina madirisha mawili, moja halifunguki, na meza yangu imebanwa kati ya kabati la mafaili na mashine ya kunakili, hivyo kila karatasi inayonakiliwa hupita karibu na pua yangu. Jana ilipita moja yenye jina la kiwanda chenu.

Mwezi huu wauguzi watapima magoti ya wafanyakazi wa viwanda vinne, na chenu kimo. Waraka ulikuwa bado na joto la mashine nilipoushika. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza nimeukariri: "Mfanyakazi atakayekutwa na ugonjwa wa magoti wa daraja la pili na kuendelea ataondolewa katika kazi ya kupiga magoti na kubeba." Ukurasa wa pili sikuusoma. Mkuu wa kitengo aliingia, nami nikajifanya natafuta pini.

Ataondolewa, Mama. Na nyumba ni ya kiwanda. Asiye na kazi hakai humo. Nilipokuja mwisho wa mwaka nilikusikia ukipanda zile ngazi tatu za mlangoni. Goti lako lilikuwa likilia kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Nilipouliza ulisema ni kiatu. Ulikuwa miguu mitupu.

Nakuomba, siku ya kupimwa sema huumwi. Usichechemee. Tena usimwambie mtu yeyote, maana nimekula kiapo cha kutunza siri za ofisi, na nimekitilia sahihi.

Mwanao


11 Februari

We Mwewe,

Barua yako nimeichoma, na chai imechemka vizuri. Kumbe karatasi za ofisini zina moto mkali.

Tangu hujajua kuvaa viatu, kivuli cha kunguru kikipita uani ulikuwa unapiga kelele, "Mwewe! Mwewe!" Vifaranga wanakimbia, mimi natoka na ufagio, nikitazama juu hakuna kitu. Jina hukupewa bure. Sasa umepata ajira, unawaona mwewe mpaka kwenye mashine.

Magoti yangu hayana neno. Miaka ishirini na tisa nimeyapigia sakafu ya ukumbi wa kupanga vigae na hayajawahi kuniomba ruhusa. Kazi yetu unaijua. Kigae ukikishika mkononi, kila kimoja ni cheupe. Mpaka uvilaze chini, kimoja kando ya kingine, mwanga wa dirishani uvipige, ndipo unaona hiki kina umanjano, hiki kina ukijivu. Basi tunapiga magoti juu ya gunia, tunapanga, tunatia kwenye boksi, tunanyanyua, tunarudi chini. Gunia langu nilirithi kwa aliyenifundisha kazi, na mimi nimeshamkatia mwenzangu kipande. Mbona hatujafa?

Sijamwambia mtu. Mmoja tu, na mdomo wake ni jiwe.

Kula ushibe. Mtu mwenye njaa huogopa mara mbili.

Mama yako, mwenye magoti mawili mazima


25 Februari

Mama,

Hukunijibu nilichokuuliza, lakini angalau umeandika.

Fomu za viwanda viwili vya kwanza zimeletwa, maboksi sita, nami ndiye ninayeziingiza kwenye kompyuta. Hazina majina, zina namba za kazi tu. Mtu anaulizwa umri na uzito, amepiga magoti au kuchuchumaa kazini miaka mingapi, kama aliwahi kuumia goti, kama mama yake mzazi aliumwa hivyohivyo, na asubuhi inamchukua dakika ngapi kabla goti halijakubali kukunjika. Kisha muuguzi anapima linakunjika mpaka wapi, limevimba au la, lina mlio au halina. Swali la mwisho linasema, "Una jambo lingine la kusema?" Karibu wote wamejibu, "Hakuna." Mmoja ameandika, "Naomba kiti."

Daktari wa kitengo ni mama mpole ambaye hutafuta miwani yake huku ameivaa kichwani. Alinikuta nimeduwaa mbele ya fomu hiyo, akavuta kiti. Alinieleza kwamba ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza, na hilo ndilo linalolika mpaka mfupa unabaki bila mto. Nikasema nilidhani ni uzee tu. "Uzee upo, mwanangu," akasema, "lakini hausafiri peke yake." Husafiri na uzito, na ajali ya zamani, na damu ya ukoo, na kazi ya kupiga magoti na kunyanyua. Na wanawake waliovuka hamsini ndio wanaokamatwa zaidi. Alikuwa akihesabu kwa vidole, Mama, na kwa kila kidole nilikuona wewe.

Anasema gegedu likishalika halirudi, ila mtu anaweza kuishi nalo na akatembea. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya paja, kupunguza uzito kidogo, fimbo ya kushikia, dawa ya kupaka, na vidonge vikiandikwa na daktari. Wachache waliozidiwa hubadilishiwa goti kwa upasuaji. Kinachomnyima raha ni vile vidonge vya pakiti visivyo na jina vinavyouzwa kwenye mageti ya viwanda. Vinatuliza maumivu siku hiyohiyo, kumbe vimechanganywa dawa kali zinazotoboa tumbo na kuharibu figo. Wiki hii pekee nimeingiza watu kumi na tisa wanaovimeza. Kwenye fomu ya mmoja, pembeni, pameandikwa "alitapika damu". Namba yake ni 88. Nimejaribu kuisahau nimeshindwa.

Mama, wewe unameza nini? Jibu swali hilo moja, mengine yaache.

Mwanao


3 Machi

Mwewe,

Wauguzi wamekaa siku tatu na wameondoka. Nimepimwa, nimekutwa sina kitu. Muuguzi amesema magoti yangu ni ya msichana. Ndivyo alivyosema, siongezi chumvi.

Tuliwapokea kwa heshima zote. Tulitundika shuka ukumbini sisi wenyewe, maana huwezi kumlaza mtu mzima akapandisha nguo mbele ya wapakiaji. Maswali unajibu mezani, kisha unaingia nyuma ya shuka, unalala, miguu inatokezea upande wa pili kwa muuguzi. Yeye anaona miguu, uso unabaki kwetu. Hata msimamizi wa zamu alitusifu.

Za nyumbani ni nzuri. Kitanda nimekihamishia chumba cha mbele, kwa ajili ya hewa. Mlango wa mbele nao nimeuacha, ngazi zile zinajaa matope, siku hizi napitia uani. Jioni sili sana, kiungulia kinanisumbua kidogo, lakini katika umri wangu nani hana kiungulia?

Umeniuliza nameza nini. Nameza mate, mwanangu, nikiona barua zako zinavyozidi urefu.

Mama yako


10 Machi

Mama,

Nimejifungia chumba cha mafaili na ninaandika nimesimama.

Fomu za kiwanda chenu zilifika Jumatatu. Za ukumbi wa kupanga vigae ni arobaini na moja. Nilizipitia moja baada ya nyingine, sikuona kosa. Lakini kuna kitu kilinikera na sikukijua ni nini, basi leo wenzangu walipokwenda kula nikafanya ulivyonifundisha. Nilizilaza sakafuni, moja kando ya nyingine, karibu na dirisha linalofunguka.

Kumi na mbili zina rangi moja.

Miaka hamsini na saba, hamsini na mbili, arobaini na tisa, sitini kasoro mmoja. Goti linakunjika mpaka mwisho, halijavimba, halina mlio. Na pembeni, kwenye fomu zote kumi na mbili, pameandikwa "kovu lenye umbo la mundu, chini ya goti la kushoto". Wauguzi walikuwa wawili wakipokezana, watu wengi, siku tatu, na waliona miguu tu. Hakuna aliyekumbuka goti la jana. Wewe huna kovu, Mama. Miguu yako naijua tangu natambaa.

Mdomo wake ni jiwe, uliniambia.

Bado sijafika kwenye lililo baya. Kwenye kabati hili nimeukuta waraka mzima. Ule mstari haukuishia pale nilipoishia mimi. Unaendelea juu ya ukurasa wa pili: "na atapewa kazi ya mezani katika ukumbi huohuo, kwa ujira uleule." Zinaletwa meza za kimo cha kiuno, zenye taa, vigae vilazwe juu yake na mtu akae kwenye kiti kirefu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuja kila wiki. Lakini meza ni chache, na zitaanzia kwenye ukumbi uliokutwa na magoti mabovu zaidi. Kwa fomu zilizolala mbele yangu, hakuna ukumbi wenye magoti mazima kama wenu. Mtakuwa wa mwisho, kama mtafikiwa.

Nilisoma nusu ya karatasi nikawapelekea hofu nzima. Aliyewanyima meza ni mimi.

Ripoti inaondoka tarehe 31. Nikisema, watauliza siri ilitokaje, na mkono wangu uko chini ya kiapo. Watasema mmedanganya serikali, na huyo mwenye kovu ataulizwa kwanza. Nikinyamaza, utapiga magoti mpaka siku utakayoshindwa kuinuka. Nimezirudisha fomu kwenye boksi kwa mpangilio uleule, nikarudi tena kuhakikisha, nikarudi tena. Niambie la kufanya. Sijui.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Usifanye kitu. Boksi lifunge kamba, uliweke lilipokuwa.

Kazi yako ni karatasi. Andika ulichopewa. Meza zitakuja siku nyingine, au zisije. Sisi tulikuwepo kabla ya meza.

Huyo mwenye kovu tunamwita Swala kwa mwendo wake. Hana kosa. Tulimwomba, akalala nyuma ya lile shuka mara kumi na mbili, ya kwake ikiwemo, na hakuna alichopata zaidi ya kuumwa mgongo. Leo ukifungua mdomo, wa kwanza kutolewa getini ni yeye. Chakula kitakupita kooni?

Nilikusomesha ili ukae kwenye kiti. Usikipoteze kwa ajili ya goti langu.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia kitandani. Ni uvivu tu.

Mama


18 Machi

Mama,

Dereva amekuja mikono mitupu. Nilimuuliza, "Mama hakukupa kitu?"

"Hakuonekana getini."

"Anaumwa?"

Akainama, akaanza kugonga tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Mimi nabeba vigae, dada," akasema. "Habari za watu hazimo kwenye hati ya mzigo."

Niandikie hata mstari mmoja. Ofisini sijasema neno. Kila asubuhi naupita mlango wa mkuu, naenda kunawa mikono isiyo na uchafu, narudi kukaa. Leo daktari ameniuliza kama naumwa. Nikasema ni kiungulia, nikasikia sauti yako ndani ya yangu, na ndipo nilipoogopa kweli.

Mwanao


20 Machi

Dada Karani,

Mimi hunijui, lakini goti langu unalijua. Ndimi mwenye kovu.

Nililipata mwaka wangu wa kwanza, kigae kilipasuka nikapigia goti juu ya kipande. Aliyelifunga ni mama yako, kwa kitambaa chake cha kichwani. Gunia ninalopigia magoti ni nusu ya gunia lake. Kwa hiyo aliponiambia "lala", nililala, usinihesabu mtu wa hila. Mara ya tano nilijua tumekamatwa. Muuguzi alinishika mguu akapitisha kidole juu ya kovu, mimi huku nimeng'ata kiganja, wenzangu wanakohoa kama wana pumu. Mama yako akaninong'oneza, "Pumua kizee kidogo." Sikujua nicheke au nilie.

Sasa nisikilize. Amenikataza kukuandikia, ameniapisha kabisa, na kiapo nimekivunja, Mungu atanihukumu mwenyewe. Anameza vile vya pakiti, ni mwaka wa pili. Vilikuwa viwili kwa siku. Barua yako ya kwanza ilipofika akaongeza vikawa vinne ili asichechemee, na siku tatu za wauguzi akameza sita sita. Wiki hii anakwenda choo cheusi kama lami. Juzi aliinua boksi, akaanguka nalo. Midomo yake imepauka, viganja vyake havina damu.

Namwambia twende hospitali. Anakataa, maana wauguzi waliotupima ni wa hospitali hiyohiyo. Anasema, "Wakinifunua wataona magoti yangu, na fomu yangu inasema mengine. Watatafuta siri ilikotoka, watamkuta mwanangu." Anayasema hayo amegeukia ukutani. Dada, mama yako yuko tayari kufa ili wewe usiulizwe swali.

Mimi wakinifukuza, wanifukuze. Nina magoti mazima, yatanifikisha kwingine. Nimemwambia dereva asiondoke huko bila jibu lako.

Swala


21 Machi

Swala,

Choo cheusi hicho ni damu. Inatoka tumboni. Barua hii ikifika usimalize hata kuisoma kwa utulivu, mpandishe kwenye lori hilihili, dereva amekubali. Asimeze hata kimoja zaidi. Chukua pakiti zilizobaki, umwonyeshe daktari, na idadi umtajie bila kupunguza.

Akikataa, mwambie hakuna tena cha kulinda. Mwambie Mwewe ameshasema. Itakuwa kweli kabla lori halijamaliza nusu ya njia, maana nikifunga bahasha hii naingia kwa mkuu. Nilitaka kunywa maji kwanza, nimeona nikinywa maji sitaingia.

Karani


21 Machi

Kwa Mkuu wa Kitengo

YAH: FOMU KUMI NA MBILI ZA UKUMBI WA KUPANGA VIGAE

Umeniagiza niyaandike niliyoyasema mbele yako asubuhi hii.

Tarehe 3 Februari nilisoma ukurasa wa kwanza wa waraka wa upimaji, na kesho yake nikamwandikia mama yangu mzazi, mfanyakazi wa ukumbi huo, kwamba watakaokutwa wagonjwa wataondolewa kazini. Ukurasa wa pili sikuusoma. Hakuna aliyenituma. Kwa sababu ya barua hiyo, wanawake kumi na mmoja walificha magoti yao nyuma ya goti la mwenzao. Hawakufanya hivyo ili wapate kitu. Walifanya hivyo ili wasipoteze walichonacho, na aliyewaaminisha kwamba watakipoteza ni mimi.

Mama yangu anapelekwa hospitali leo akiwa anavuja damu tumboni. Naomba wodi ipigiwe simu kabla hajafika, asije akakaa kwenye benchi.

Naomba pia fomu hizo kumi na mbili ziondolewe, ukumbi upimwe upya kabla ya ripoti, na kabla ya kupimwa wasomewe kurasa zote mbili kwa sauti.

Kiapo nilikitilia sahihi mimi, si wao. Adhabu iliyomo ndani yake naomba isivuke meza yangu. Umeniuliza mara mbili mwenye kovu ni nani. Sitamtaja. Kama hilo nalo ni kosa, naomba liandikwe kuwa kosa langu la pili.

Karani wa takwimu


30 Machi

Mama,

Daktari wa kitengo amenisaidia kupata habari zako. Amesema wamekuongezea damu chupa tatu, na wamepitisha mpira wenye kamera mpaka tumboni wakakiona kidonda na kukiziba. Amesema ungechelewa siku moja zaidi, kisha akaanza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Nimezuiwa kutoka mjini mpaka kamati ikutane, ndiyo maana unaiona barua wala hunioni mimi. Kompyuta wamenichukulia. Niko chumba cha chini napanga mafaili ya zamani, peke yangu, na kila nyayo zikishuka ngazi nadhani ni za kuja kuniita. Ripoti imesogezwa mbele wiki tatu. Wauguzi wanarudi kwenu tarehe 6.

Hujaniandikia tangu ulazwe. Swala anasema una nguvu za kushika kalamu. Umenikasirikia?

Mwanao


9 Aprili

Mwewe,

Hasira ninayo. Nimeiweka chini ya mto, nitakupa ukija.

Wauguzi walirudi kiwandani, Swala amekuja wodini kunisimulia. Safari hii msimamizi wa zamu alisoma kurasa zote mbili, na ya pili akairudia kwa sababu wenzangu hawakumwamini. Wakati wa kupimwa shuka lilikuwepo, ila muuguzi alikaa upande wao, anaona mtu na uso wake. Swala anasema alipimwa mara moja tu, kazi imekuwa nyepesi mno. Nilimuuliza kuhusu kovu. Anasema muuguzi alilitazama muda mrefu, akamtazama usoni, akalitazama tena. Kisha akaandika "goti zima". Kovu hakuliandika.

Meza bado hatujaziona. Wanasema zinakuja. Mimi nitaamini nikishaweka viwiko juu yake.

Mimi mwenyewe nimepimwa hapa wodini. Muuguzi aliniuliza kama aniandikie majibu, nikamwambia kalamu naijua. Ulitaka majibu haya tangu Februari, basi nimekunakilia.

Umri: hamsini na saba.

Miaka ya kupiga magoti kazini: ishirini na tisa.

Umewahi kuumia goti? Ndiyo. Niliteleza na boksi ule mwaka wa mvua nyingi, wewe ulikuwa darasa la nne. Nilikuambia imechanika sketi tu.

Mama yako mzazi? Ndiyo. Miaka yake ya mwisho bibi yako alitembea akisukuma kiti mbele yake. Ulidhani anacheza na wewe.

Asubuhi unachukua dakika ngapi? Arobaini. Kule kuamka kwangu kabla ya watu, ambako umekusifia mpaka kwa walimu wako, hakukuwa uchapakazi.

Unameza nini? Vya pakiti, vinne, siku nyingine sita. Sasa sitii hata kimoja mdomoni. Daktari alipokwisha kuziona, Swala alizimwaga pakiti zote chooni mbele yangu, na daktari amenipa dawa ya kupaka inayonuka kama dukani kwa fundi rangi.

Daraja: kulia la tatu, kushoto la pili.

Una jambo lingine la kusema? Wenzangu wote wameandika hakuna. Mimi nilikaa na swali hilo mpaka muuguzi akaenda kwa wagonjwa wengine akarudi. Nimeandika hivi: Naogopa. Naogopa kupanda na naogopa kushuka. Naogopa kamati itakayomkalia mwanangu kikao. Nimemcheka miaka yote kwa kuona mwewe, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawaona kila asubuhi kwa dakika arobaini, nikanyamaza.

Muuguzi aliisoma, akanivutia blanketi.

Mtaalamu wa mazoezi amenipa kazi. Nakaa kitini, nanyoosha mguu, nahesabu mpaka tano, naushusha. Anataka mara kumi. Nafika sita natukana, ya saba namwomba radhi.

Jumamosi ya wiki ijayo wananirudisha nyumbani. Kamati ikikusamehe, njoo. Ikikufukuza, njoo na sanduku lako. Usipitie uani. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya kwanza ya mbele, hiyo nimeahidiwa nitaiweza. Mbili zilizobaki utanishika mkono.

Mama yako, mwenye magoti mawili